Kijitabu cha kutuma kwa posta: karatasi ya gramu 80 au ya 100?

Mhariri wa Usiku: Nina kijitabu cha A5, kurasa 64, kava ya gramu 250. Ndani nasitasita kati ya karatasi ya 80 na ya 100. Naipenda ya 100, maandishi ya nyuma hayaonekani sana. Ila bahasha nzima isizidi gramu 100, ikizidi nalipia daraja la juu. Nitajuaje kabla ya kuchapa?

Karani: Namba iliyoandikwa kwenye rimu ni uzito wa mita moja ya mraba, si wa karatasi moja. A0 ndiyo hiyo mita ya mraba, na ndani yake zinatoka A4 16. Kwa hiyo gawa kwa 16: A4 ya 80 ina gramu 5, ya 100 ina 6.25. Kijitabu chako ni A4 16 zilizokunjwa katikati, kila moja kurasa nne. Ndani ni gramu 80, au 100 kamili. Ya 100 imeshamaliza kikomo chote kabla hata ya kava.

Mkunjaji: Kava 250 ÷ 16 = 15.6. Ukichukua ya 80, jumla 95.6. Imeingia!

Karani: Na bahasha je? Nimeweka ya C5, saizi inayoingia A5, kwenye mizani ya jikoni sasa hivi: gramu 8. Jumla 103.6.

Mhariri wa Usiku: Duh, bahasha sikuiwaza kabisa. Kuna muuzaji ana karatasi ya Marekani, imeandikwa 80 lb. Si ndiyo ile ile 80?

Bibi Chapa: Hapana, usinunue! Hiyo ni ratili za karatasi 500 za saizi ya msingi, na kila aina ina saizi yake. Ratili 80 za karatasi ya vitabu ni kama gramu 118, ratili 80 za kava ni kama 216. Namba moja, karatasi mbili tofauti kabisa.

Ningekuwa wewe ningeshusha kava hadi 160, yaani gramu 10 tu. 80 + 10 + 8 = 98. Bado nafasi iliyobaki ni ndogo mno, maana karatasi hunyonya unyevu na kiwandani haitoki na gramu kamili. Toa kurasa nne, ubaki na 93.

Mhariri wa Usiku: Kurasa nne za shukrani zipo, zinatoka. Kesho nakunja kimoja nikipime pamoja na bahasha.