Naomba ushauri: mwanamke mwenye pembe ya ndovu kwenye sakafu ya Kirumi

Habarini ndugu zangu. Naandaa somo la kidato cha pili kuhusu Villa Romana del Casale, jumba la shamba la karne ya 4 huko Sicily, Italia. Sakafu zake za mozaiki (picha za vijiwe vya rangi) ni nzuri mno! Kwenye korido ya mawindo, mita 60 hivi, wanyama wanapandishwa melini, hadi mbuni wamekumbatiwa mikononi. Upande mmoja wa mwisho yupo mwanamke kashika pembe ya ndovu, kushoto na kulia kwake tembo na chui milia.

Nimepekua vitabu kujua mwanamke huyo anawakilisha nchi gani, vinagongana: kimoja India, kingine Afrika. Naelemea India, maana chui milia hawapo Afrika. Je, kuna ushahidi mwingine wa kuamua? Na wenzangu walimu, jambo lenye utata hivi mnalifundishaje bila kuwachanganya wanafunzi?