Leza ya macho: uliyefanya, uliyekataliwa, uliyeamua kubaki na miwani, tupeane uzoefu

Mwalimu wa Kadutu

Wapendwa, jambo. Niko Bukavu, nafundisha sekondari, na miwani nimevaa tangu shule ya msingi. Sasa hivi nambari yangu ya miwani, ya kutoona mbali, ni -5.50 jicho la kuume na -5 la kushoto, pamoja na astigmatizimu kidogo, yaani jicho halina mviringo ulio sawa. Bila miwani, nikirudi hatua mbili nyuma sisomi nilichoandika mwenyewe ubaoni. Na mvua ya Bukavu mnaijua. Nikishuka kwa mguu toka Kadutu hadi Nyawera, vioo vimejaa matone, natembea kwa kukisia mtaro uko wapi. Nikivua miwani ndiyo hatari zaidi.

Kaka yangu aliye Ulaya amesema atatoa franga za leza, ile operesheni ya macho ya kuacha miwani. Nyumbani wote wamefurahi, wanaongea kana kwamba tarehe imeshapangwa. Mimi bado. Maneno ya matangazo nimeyasoma ya kutosha, na vitisho vya aliyesikia kwa jirani sivitaki pia. Nawaomba waliolala chini ya ile mashine, na walioambiwa hapana, waseme: ulipimwa nini, uliumia namna gani, na uliporudi nyumbani nani aliendelea kukuangalia? Hilo la mwisho ndilo linaninyima usingizi, maana mimi itabidi nisafiri, nikifanyiwa ninarudi huku.

Papa wa Himbi

Dada, salama? Niko Goma. Nilifanya LASIK, aina moja ya hiyo leza, Nairobi, nilikuwa na -4 macho yote mawili. Wacha nikueleze jinsi ilivyokwenda.

Vipimo vilichukua asubuhi nzima, operesheni yenyewe ilikuwa fupi mno. Haulazwi usingizi. Wanakutia matone ya ganzi, wanaweka kidude cha kushikilia kope zisifunge. Halafu inakuja pete inayoling'ang'ania jicho kwa kulivuta, na hapo ndipo pagumu. Haiumi, ila unasikia jicho limebanwa, na mwanga unafifia polepole hadi unaona kijivu tupu kwa sekunde kadhaa. Mimi hakuna aliyeniambia mapema, moyo ulienda mbio sana. Kwa hiyo wewe ujue: lipo, linapita.

Wakati huo ndipo konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, inakatwa kijifuniko chembamba sana kinachobaki kimeshikwa upande mmoja. Munganga anakifunua, unaona ukungu mtupu. Unaambiwa tazama taa inayomweka, usihamishe jicho. Mashine inagonga ta-ta-ta-ta na unasikia harufu ya nywele zilizoungua. Usidhani unachomwa, ile leza inaondoa konea tabaka kwa tabaka, kidogo sana kila pigo, mpaka umbo lake libadilike. Haikufika dakika moja kwa kila jicho. Kifuniko kikarudishwa, kikaoshwa, hakuna kushona.

Usiku ule macho yaliwasha na kutoa machozi kama mtu aliyemenya gunia la vitunguu. Kesho yake, nikiwa kwenye gari, nilisoma vibao vya maduka ng'ambo ya barabara. Nililia, na sikuona haya.

Lakini wasikudanganye kwamba yameishia hapo. Ukavu wa macho ulinisumbua kwa miezi. Ile operesheni inakata vineva vya konea, jicho linasahau kujilowesha. Na vumbi letu la Goma, hili jeusi la mawe ya volkano, halina huruma. Machozi ya chupa nilitembea nayo mfukoni kila mahali. Usiku niliona miduara kuzunguka taa za piki piki, imepungua sana, haijaisha yote. Ningefanya tena? Ndiyo. Ila kama ningekuwa motari wa usiku, ningefikiri mara mbili.

Muuguzi wa Macho

Mimi ni muuguzi, nafanya idara ya macho hapa mashariki. Dada Mwalimu, swali la kwanza kabla ya bei ni hili: konea yako ikoje? Leza hii si jambo la jana, Marekani waliiidhinisha kwa kurekebisha macho mwaka 1995, na jicho linalofaa mara nyingi linatoka vizuri. Kazi kubwa ni kujua kama lako ni hilo linalofaa.

Nieleze niliyoyaona. Kijana mmoja, mwanafunzi, jamaa zake walichanga ili akafanyiwe nje. Kila mwaka alikuwa anabadilisha miwani na kila mwaka astigmatizimu inaongezeka. Alikuwa na aleji ya macho toka utotoni, ile ya kuwasha mpaka mtoto anasugua kwa ngumi, na aliendelea kusugua hadi ukubwani. Kule alikopelekwa wakampiga topografia, yaani ramani ya konea. Ikaonekana keratokonusi: konea imekuwa nyembamba na inachomoza mbele kwa umbo la pia. Ukimpiga leza mtu wa namna hiyo unampunguzia konea ambayo tayari haina nguvu, inaendelea kutumbuka, na mwisho anaweza kuhitaji konea ya kupandikizwa. Alilia sana yule kijana. Lakini kwa kuwa ugonjwa ulionekana mapema, alipata tiba ya kuikaza konea kwa matone ya riboflavini na mwanga wa urujuanimno, na ugonjwa ukasimama.

Hapo ndipo ninaposhikilia: mtu akikubali kukufanyia leza bila topografia na bila kupima unene wa konea, ondoka. Hata kama amekupunguzia bei. Hasa kama amekupunguzia bei.

Na kwa mama wote wanaosoma hapa, mtoto anayesugua macho kila siku mleteni apimwe. Msingoje awe mkubwa.

Lushois wa Mgodini

Jambo yaya Mwalimu. Mi niko Lubumbashi, kazi yangu ni mgodini. Shida yangu ilikuwa miwani ya usalama: kuivaa juu ya miwani ya kawaida, jasho kidogo tu, vioo vyote vinapata mvuke, huoni mbele wala nyuma, na mashine zinapita. Nilikuwa na -7.50. Nikaweka franga pembeni, nikaenda Afrika Kusini.

Wakanikatalia. Munganga alichukua karatasi akanionyesha hesabu, na mi ni mtu wa hesabu, nilimwelewa. Unene wa konea yangu ni mikroni 478 (mikroni elfu moja ni milimita moja), wakati watu wengi wako karibu na 540. Kifuniko kinachukua 110. Kwa nambari yangu leza ingekula kama 105. Zinabaki 263. Kikomo ambacho hawataki kushuka chini yake ni 250, na yeye hakutaka kunipeleka hadi ukingoni, maana ikihitajika marekebisho baadaye hakuna cha kupunguza tena. Akaniambia kuna njia nyingine, lensi ndogo inayowekwa ndani ya jicho mbele ya lensi ya asili, na hiyo haipunguzi konea. Ni ghali zaidi, na ni kuingia ndani ya jicho kabisa. Sijaamua.

Nilirudi na hasira, franga za safari zimeenda. Leo ninamheshimu yule munganga kuliko wote niliowahi kukutana nao, kwa sababu angeweza kuchukua pesa yangu akanyamaza. Kazini nimetengenezewa miwani ya usalama yenye nambari yangu ndani, moja kwa moja. Inatosha.

Ndugu Bagira

Dada, mbona kuhangaika? Kuna mzee anatoa maji ya majani, unatia asubuhi na jioni, macho yanafunguka.

Muuguzi wa Macho

Ndugu, nakuomba kwa heshima, usimpe mtu ushauri huo. Kuona karibu tu na kutoona mbali kunatokana na umbo na urefu wa jicho, hakuna jani linalofupisha jicho. Tunapokea watu wenye vidonda vya konea kwa sababu ya hayo maji, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe ambalo miwani hailisaidii.

Mama Mshonaji

Mimi nina miaka 44 na -2 tu. Nilikwenda kuuliza leza, munganga akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ninashona. Akasema: vua miwani, tunga uzi kwenye sindano. Nikatunga palepale. Akasema, mama, ukifanya leza utaona mbali vizuri, lakini kwa umri wako hiyo sindano hutaiona tena bila miwani ya kusomea. Kumbe baada ya miaka 40 lensi ya ndani inakakamaa kwa kila mtu na leza haizuii hilo. Hii -2 yangu ndiyo inanisaidia kushona. Nimebaki nayo. Wenye umri wangu waulizwe kazi yao kwanza.

Mama wa Panzi

Niko Bukavu kama wewe, mwalimu. Mimi nilifanya PRK, leza ya aina nyingine, huko India, tulikuwa tumempeleka mzee wangu kwa matibabu ya moyo nami nikapimwa. Ningefanya mapema zaidi, ila nilikuwa nanyonyesha, na mimba na kunyonyesha vinachezesha nambari, hawakufanyii. Ukiwa unapanga kuzaa karibuni, hesabu hilo.

PRK hawakati kifuniko. Wanakwangua ngozi ya juu ya konea, leza inapiga hapo hapo, wanakufunika kwa lensi laini ya kulinda mpaka ngozi iote upya. Faida yake, hakuna kifuniko cha kuhama ukipigwa jichoni, ndiyo maana wanaipendekeza kwa wanaocheza ngumi au karate, na kwa wenye konea nyembamba kiasi. Lakini maumivu, dada! Siku tatu za kwanza nilikaa gizani na kitambaa usoni, mwanga wa simu ulinichoma. Na macho hayafunguki siku ya pili kama ya Papa wa Himbi. Wiki nyingi niliona ukungu, nikidhani wameniharibu.

Sasa nakuja kwenye swali lako, kwa sababu na mimi lilinitesa. Nilirudi Bukavu na matone ya kotizoni ya kutumia kwa wiki kadhaa, nikipunguza polepole. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa watu wengine matone hayo yanapandisha presha ya jicho, na presha hiyo hujui kwa kuhisi, mpaka upimwe. Dawa ziliisha, famasia walikuwa tayari kuniuzia nyingine bila kuuliza. Ni binamu yangu ndiye aliyenilazimisha nipimwe kwanza. Presha ilikuwa imepanda. Munganga wa macho wa hapa akanibadilishia dawa, ikashuka. Kwa hiyo kabla ya kupanda gari au ndege, tafuta hapa Bukavu munganga atakayekubali kukupokea, mwambie unakwenda kufanya nini, na urudi na maandishi ya waliokufanyia. Waliokufanyia wako mbali, atakayekuona usiku jicho likiwa jekundu ni huyu wa hapa.

Muuguzi wa Macho

Mama wa Panzi amesema la maana kuliko yote. Niongeze moja tu. Glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa presha ya jicho, inawapata watu weusi zaidi na mapema zaidi kuliko wengine. Konea ikishapunguzwa na leza, mashine ya kupima presha inasoma chini kuliko ukweli. Munganga asiyejua kwamba ulifanya leza anaweza kukuambia uko sawa wakati neva ya jicho inaharibika. Zile karatasi za vipimo vya kabla ya leza zitunze pamoja na diploma zako. Ukizeeka ukapata mtoto wa jicho, zitahitajika pia kuchagua lensi ya kukuwekea.

Kijana wa Essence

Samahani kuingilia, mama yangu ana mtoto wa jicho, je leza hii itamsaidia?

Muuguzi wa Macho

Hapana, ni jambo lingine. Mtoto wa jicho ni lensi ya ndani iliyopata ukungu, inatolewa na kuwekwa ya plastiki. Hiyo haina haja ya kwenda India, mpeleke idara ya macho ya hospitali ya rufaa hapo Bukavu aangaliwe. Na usichelewe.

Mwalimu wa Kadutu

Aksanti sana ninyi nyote. Nimesoma usiku wote nikaandika pembeni.

Nimeongea na kaka. Nimemwomba asilipe kitu chochote cha operesheni sasa, alipe safari ya vipimo tu, kupitia mpaka wa Ruzizi hadi Kigali. Aliona kama namkataa. Nikamsomea ya Lushois, ile hesabu ya mikroni, akanyamaza, kisha akasema sawa. Ramani ya konea ikiwa mbaya, jambo limekwisha na hakuna wa kunisukuma tena. Ikiwa nzuri, nitauliza bei ni ya jicho moja au mawili, kama imo ndani yake kuangaliwa baadaye na marekebisho ikihitajika, na nani hasa atashika mashine. Halafu nitamtafuta munganga wa hapa kabla ya kukubali. Kama sitampata, nabaki na miwani, na hilo nimeshaliamua. Na mvua je? Nitanunua kofia yenye ukingo mpana.

Swali la mwisho kwa Muuguzi: siku za sherehe huwa navaa lensi laini za kuweka jichoni. Zina shida kwa vipimo?

Muuguzi wa Macho

Zina shida, zinakandamiza konea na ramani inatoka ya uongo. Acha kuzivaa angalau wiki mbili kabla ya kupimwa, na zile ngumu zinahitaji mwezi au zaidi. Beba na karatasi zako za miwani za miaka iliyopita, wanataka kuona kwamba nambari haijabadilika kwa mwaka mzima au zaidi. Na ujue watakutia matone ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa mwanga utakuumiza na maandishi ya karibu hutayaona, kwa hiyo chukua miwani ya jua, nenda na mtu, na usipange kurudi mpakani jioni ileile.