Daraja la juu au zebra: nani apande ngazi?

Wakuu habari, nalileta hili mnikosoe. Kila mtu akigongwa barabara kubwa hapa Dar wimbo ni ule ule, tujengewe daraja la juu. Mimi nasema mengi ya hayo madaraja ni kwa faida ya gari, siyo ya mtembea kwa miguu. Gari lipite bila kukanyaga breki, wewe mwenye miguu ndo upande ngazi.

Juzi nimekaa kituoni barabara ya Morogoro nasubiri daladala, akaja mama na beseni la ndizi kichwani, mtoto mgongoni. Akaziangalia zile ngazi toka chini mpaka juu kama mtu aliyetajiwa bei, halafu akavuka hapo hapo chini. Katikati akasimama juu ya kizuizi cha zege ambacho kiatu chenyewe hakienei, malori huku na huku, kanga inapepea. Watu pembeni wakaanza oh mama mzembe, daraja si hilo hapo. Mzembe? Upande, utembee juu, ushuke, jua la saa nane, na beseni. Mwenye kiti mwendo ndo kabisa, ngazi hazimhusu.

Na siyo kwamba hatuwezi. Mabasi ya mwendokasi awamu ya kwanza yalipoanza 2016, Kimara mpaka Kivukoni, vituo vingi abiria anavuka chini kwa zebra, pembeni kuna njia ya miguu na ya baiskeli, na 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika. Leo pita hiyo njia ya baiskeli, utakuta bodaboda zimepaki na meza ya chipsi. Halafu Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, tumepanua njia nane tukashangilia. Bibi yako anavukaje njia nane?

Mdau wa kwanza: Mkuu inaonekana huendeshi gari. Mi dereva, zebra za bongo ni mtego. Nasimama, dada anaanza kuvuka, mwenzangu wa njia ya pili hamuoni maana gari langu limemziba, anakuja na 80. Nimeshashuhudia, sitaki kuelezea. Bora daraja na uzio katikati.

Mleta mada: Kaka umejijibu mwenyewe, shida ni hiyo 80. Sheria ni kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na spidi ikiwa mara mbili nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Zebra ya rangi tu kwenye barabara pana hata mimi siitaki. Nataka iinuliwe juu ya tuta, iwe na taa ya kuvukia na kisiwa cha maana katikati mtu avuke nusu, asimame, amalizie. Faini ya 30,000 inatisha trafiki akiwepo, tuta liko zamu usiku na mchana.

Mdau wa pili: Mi mwanamke natoka kazini saa tatu usiku, kule juu giza, vibaka wanakusubiri kwenye kona ya ngazi. Bora nipambane na magari, angalau yana taa 😂 Ila mleta mada nikuulize, barabara ya Morogoro ndo inabeba malori ya Zambia na Congo, utayawekea matuta yote hayo? Foleni yake itaanzia wapi?

Mleta mada: Dada hapo umenibana. Haya, Kimara kwenda Kibaha daraja libaki, ila liwe na mteremko wa kiti mwendo na baiskeli, liwe na taa, na lishukie pale pale kituoni siyo mtu atembee tena nusu ya safari kurudi nyuma. Lakini barabara ya Shekilango je, na kule ndani mitaa ya Sinza? Lori la Zambia linatafuta nini Sinza?