Je, Marx aliilaumu dini au hali inayowafanya watu waihitaji?

Mkazi wa Kirumba
Ndugu zangu, hapa mwaloni wavuvi wa dagaa hulipwa kwa mgawo baada ya tajiri mwenye mtumbwi kukata gharama za mafuta na taa, na wakati wa mbalamwezi, dagaa wasipoifuata taa, hukaa bila kipato. Jumapili huhimizwa wavumilie, kwa kuwa thawabu yao iko mbinguni. Je, mahubiri ya namna hii ndiyo Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliyoyaita kasumba (yaani afyuni) ya watu? Na mwamini aweza kuukubali uchambuzi wake bila kuikana imani?

Msomaji wa Igogo
Sentensi hiyo hunukuliwa ikiwa imekatwa. Katika makala iliyochapishwa Paris mwaka 1844, Marx anatangulia kusema kwamba mateso ya kidini ni kielelezo cha mateso halisi na papo hapo ni malalamiko dhidi yake, tena kwamba dini ni moyo wa ulimwengu usio na moyo. Kasumba, ambayo Ulaya ya siku zile ilikuwa dawa ya maumivu ya kawaida, inakuja baada ya hayo. Lawama yake inaielekea zaidi hali inayozaa maumivu. Hata mhubiri wenu akinyamaza, mwenye mtumbwi na injini ni yule yule, na mgawo utabaki ule ule.

Mwalimu wa Historia
Hapo tumemsahau Engels, mwandishi mwenzake Marx, ambaye mwaka 1850 aliandika juu ya Thomas Müntzer, mhubiri aliyesimama na wakulima wa Ujerumani katika uasi wa 1525, akaona madai ya kitabaka ndani ya lugha ya Biblia. Kwetu, maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale, katika Vita vya Maji Maji, yaliunganisha makabila mengi mwaka 1905 dhidi ya Wajerumani na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Wanaoichukulia imani kuwa kivuli tu cha uchumi hawajanieleza kwa nini imani humfunza mmoja kutii na mwingine kuasi.

Mwanajumuiya
Kuhusu swali la pili: Marx hakuamini Mungu, na tusimbatize kwa nguvu. Hata hivyo, uchambuzi wake wa nani anafaidika na jasho la nani hausimami juu ya ukanaji huo. Nyerere, Mkatoliki aliyeukataa Umarx, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga miundo inayowatia watu umaskini na udhalili, litapoteza maana. Ndugu wa Kirumba, muulizeni mhubiri wenu kama yuko tayari kuutaja mgawo siku ambayo matajiri nao wamehudhuria ibada.