Niliacha ulezi wa mabweni 2019, sasa nataka kurudi: chuo cha umma, chuo cha dini au hosteli binafsi?

BintiKondoa (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Nilikuwa mlezi wa bweni, wodeni kama wanafunzi wanavyotuita, katika chuo kimoja cha umma tangu 2012 hadi 2019. Niliishi mle mle, nyumba ya chini ya bweni la wasichana, na mwanangu wa kwanza alijifunzia kutembea kwenye korido ile. Nikaacha kwa saa 24, yaani kwa notisi ya siku moja tu. Mama alikuwa mgonjwa kijijini, niliomba likizo bila malipo, miezi mitatu ikapita barua haijajibiwa. Nikalipa mshahara wa mwezi mmoja, nikakabidhi funguo, nikaenda kumuuguza.

Baadaye mwaka huohuo nikaajiriwa na shirika moja hapa Dodoma, kitengo cha majengo. Kazi ni tulivu, saa kumi na moja jioni nipo nyumbani. Mama ametangulia mbele ya haki mwaka juzi. Na kila ikifika Oktoba, nikiwaona watoto wa mwaka wa kwanza wanashuka stendi na matranka na ndoo, moyo unaondoka nao.

Njia ninazoziona ni hizi: kuomba upya serikalini kupitia Ajira Portal, ile tovuti ya maombi ya kazi za serikali, nina miaka 43. Au chuo cha dini mkoani Iringa, wanatafuta matroni, mkataba wa miaka miwili na nyumba juu. Au mwenye hosteli binafsi jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ananitaka niwe meneja, vyumba 60, na mshahara wake ndio mkubwa kuliko yote. Mliowahi kutoka mkarudi, naomba mnisaidie kupima.

Mzee wa Bloku C

Mdogo wangu, pole kwa msiba wa mama.

Anza na umri. Matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira yanataka mwombaji asiyezidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi. Wewe ulishatoka, kwa hiyo kikomo kinakuhusu. Mlango wa serikali ndio unaofungwa kwanza, ule wa hosteli utaukuta wazi hata ukiwa na 50. Huo peke yake ungenitosha kuamua.

Mimi nilitoka nikarudi. Nilirudi daraja la chini, chini ya kijana niliyewahi kumfundisha kugawa vyumba. Mwaka wa kwanza uliniuma sana, sitakuficha. Na usifiche kwamba uliwahi kuwa mtumishi, cheki namba yako ya zamani, ile namba ya utumishi, ipo na itaonekana.

Kijana wa Ng'ong'ona

Dada, mimi ni meneja wa hosteli binafsi mwaka wa nne sasa, nikuambie yale ambayo tajiri hatakuambia siku ya kwanza.

Mshahara ni mzuri, kweli. Lakini uliza wa Agosti na Septemba. Wanafunzi wakifunga mwaka hosteli inabaki tupu, na wenye nyumba wengi wanamlipa meneja miezi tisa au kumi, kisha wanamwambia "apumzike". Zidisha mshahara kwa miezi utakayolipwa kweli, ndipo ulinganishe na wa chuo wa mwaka mzima. Pili, pesa yetu inategemea boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, tukashukuru. Lakini ikichelewa wiki tatu, kodi nayo inachelewa, na wewe ndiye unayegonga mlango wa mtoto ambaye jana alilala na chai. Tajiri anataka hela, mtoto hana, wewe umesimama katikati. Chuoni hukuwahi kuwa mkusanya kodi. Hapa ndiyo kazi yenyewe: kodi, maji, umeme wa luku, kunguni, na majiko ya koili yanayochoma soketi.

Nilichopata kwa kubadilishana ni uhuru. Bomba likipasuka namwita fundi saa hiyohiyo, sijazi fomu ya kuomba fomu. Godoro likichakaa linabadilishwa kesho yake. Kama umechoshwa na barua zisizojibiwa, hili si jambo dogo.

Matroni Mstaafu

Mwanangu, nimefanya kazi vyuo vya dini miaka kumi na minne. Nyumba wanatoa, nidhamu ipo, geti linafungwa saa nne usiku na hakuna mjadala. Wanafunzi ni wachache kiasi cha kuwajua wote kwa majina na wengine kwa mama zao. Utakachokosa ni sauti: uamuzi mkubwa unatoka kwa uongozi wa juu na wewe unaupokea. Binti akipata ujauzito ndipo utaelewa ninachosema. Uliza sera yao kabla hujasaini, na uliza mkataba ukiisha inakuwaje, maana nyumba inaondoka na mkataba.

Ila nina swali. Ulichoacha 2019 ni kazi, au ni ile ofisi isiyojibu barua?

Hesabu ya Mafao

Naongeza moja tu. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180. Ukiwa na miaka 7 serikalini na takriban 6 kwenye shirika, unakaribia miezi 156, na vipindi vya PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma) na NSSF (mfuko wa sekta binafsi) hujumlishwa. Chukua taarifa za michango mifuko yote miwili uhakikishe hakuna pengo. Na kwa tajiri wa hosteli, ukiona anasema "tutaliangalia la NSSF baadaye", achana naye.

Mwaka wa Tatu

Mimi ni mwanafunzi, samahani kuingilia wakubwa. Mwaka wa kwanza sikupata chumba, nikabebwa na dada mmoja, yaani nikalala kwake kwa siri, kitanda kimoja, dabo deka ya juu. Wodeni alitukamata saa sita usiku. Hakunifukuza usiku ule. Aliniandikia jina, akaniambia nije ofisini asubuhi, na baada ya siku tisa akanipatia nafasi ya mtu aliyeahirisha mwaka. Ningefukuzwa ningerudi kwetu. Kwenye hosteli ya kulipia asingekuwa na nafasi ya kunipa, hata angetaka.

BintiKondoa (mtoa mada)

Asanteni. Matroni, swali lako sikulala nalo vizuri. Nimekaa miaka yote nikisema niliacha kazi. Niliacha ofisi. Kazi nilikuwa naiota: kugongewa saa nane usiku, binti anabanwa na pumu, tunamshusha ngazi wanne hadi zahanati, asubuhi anakuja kunirudishia kanga yangu.

Na wewe wa mwaka wa tatu, umenimalizia. Nilikuwa naangalia mshahara, sikuangalia kama nitakuwa na chumba cha kumpa mtu.

Nimempigia mwenye hosteli, nikauliza ya Agosti. Ni miezi tisa. Nimemshukuru nikakataa. Iringa nimewaomba sera yao kwa maandishi na wamenijibu siku hiyohiyo, jambo ambalo limenifurahisha kuliko mshahara. Kwa serikali, nimefungua akaunti yangu ya Ajira Portal na kupandisha vyeti, ili tangazo likitoka nisianze kuhangaika. Nikipata Iringa kwanza nitakwenda, huku naomba. Hapa nilipo nitatoa notisi ya siku 28 kamili, sitaki tena mambo ya saa 24.

Jumatatu naenda chuo changu cha zamani kuomba barua ya kuthibitisha utumishi. Nitapita kwenye lile bweni, nione kama ule mwembe wa mlangoni bado upo.

Mzee wa Bloku C

Barua hiyo iombe kwa maandishi, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiondoke bila muhuri.