Prosesa inaruka hadi digrii 97 ndani ya sekunde kumi, nianzie wapi?

Saiba ya Bamburi
Wadau hamjambo. Kompyuta ya mezani, prosesa Core i5-4590, bado ina feni yake ya Intel ya vigingi vinne vya plastiki. Ikitulia inasoma digrii 52, chumba kina 31. Nikianza kuhariri video inafika 97 kabla ya sekunde kumi kwisha, kisha spidi inaporomoka kutoka 3.5 GHz hadi chini ya 2. Haizimiki, inakuwa nzito tu. Vumbi nimelipuliza, feni yazunguka. Nasoma kwa HWiNFO, programu ya kupima joto na spidi. Ninunue feni kubwa, au prosesa ndiyo imekufa?

Fundi wa Majengo
Usinunue kitu bado, ndugu yangu. Prosesa ni nzima, inajilinda. Hiyo ikikaribia 100 hujipunguzia spidi yenyewe, ndio huo uzito.

Tazama joto linavyopanda. Kasha likikosa hewa, chuma cha kupozea kilicho chini ya feni hushiba joto pole pole, dakika kumi hadi ishirini. Yako imeruka, maana yake chuma hakikushika juu ya prosesa: pesti (ule ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na chuma) imekauka au kigingi kimeachia. Gusa ukingo wa chuma wakati skrini inasoma 97, vidole mbali na feni. Ukikuta vuguvugu tu, joto limekwama chini, halikuvuka.

Mkaa Likoni
Kabla hajafungua, asome mizunguko ya feni kwenye HWiNFO. Feni inaweza kuzunguka na bado ikawa imechoka. Prosesa ikiwa 97 na feni iko 900 kwa dakika, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uone kama imewekwa hali ya kimya, na waya uwe kwenye tundu la CPU_FAN, si la feni ya kasha.

Saiba ya Bamburi
Mizunguko ni 2,000 na kitu. Chuma nimekigusa, ni vuguvugu.

Fundi wa Majengo
Basi fungua. Iwashe dakika tano pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme. Zungusha vichwa vya vigingi kufuata mshale, vivute juu, kisha usokote chuma kushoto na kulia mpaka kiachie. (Wenye prosesa za AMD Ryzen za soketi ya AM4, hapo msivute wima kamwe: prosesa hung'oka na chuma, miguu ikapinda.)

Futa pande zote mbili, ya prosesa na ya chuma, kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya kusafishia vidonda iache, baadhi huwa na mafuta. Wenzo wa soketi usiuguse. Pesti mpya ni tone moja katikati, kama punje ya mbaazi. Usilipake kwa kidole, chuma kitalitandaza.

Kurudisha ndiko wengi hukosea. Geuza kila kichwa kinyume cha mshale hadi mwisho, kisha bonyeza kwa mshazari: kimoja, na kilicho mkabala wake pembeni, halafu viwili vilivyobaki. Kila kimoja kilie. Usiamini sikio peke yake: tazama nyuma ya madabodi (bodi kuu), ncha nyeusi iwe imepenya na vijiguu vyeupe vimetanuka. Kijiguu kikivunjika, kona ile inanyanyuka na hakuna pesti itakayosaidia.

Bint Kisauni
Naongeza la pwani yetu. Hewa ya chumvi na unyevu hufanya vumbi ligande kama uji kati ya mapezi ya chuma, na blowa haling'oi. Kwa kuwa utakishika mkononi, tenga feni, usugue mapezi kwa mswaki mkavu. Ukiona unga mweupe, alumini imeanza kuliwa na chumvi.

Saiba ya Bamburi
Nimefungua. Pesti ilikuwa chaki tupu, na kigingi kimoja kijiguu kimekatika.

Fundi wa Majengo
Tafuta chuma kingine kilichotumika, cha soketi ya LGA1150, 1155, 1151 au 1200. Mashimo ni yale yale, yameachana milimita 75. Cha LGA1700 hakiingii. Ukipata chenye kitovu cha shaba kichukue hicho, prosesa yako ni ya wati 84.

Saiba ya Bamburi
Nimepata cha shaba. Sasa ikitulia ni 42, nikihariri nusu saa inasimama 74, na spidi haishuki 3.5. Shukran sana. Hii 74 ni salama?

Mkaa Likoni
Salama kabisa. Joto la chumba huongezeka moja kwa moja juu ya la prosesa: kaskazi ikipamba moto chumba kikawa 34, tarajia 77 hivi. Kasha liache sentimita 15 na ukuta. Na ikitokea siku ikazimika ghafla huku inasoma 70 na kitu, usirudi kwenye pesti, kagua pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme.