Mama wa dirisha la pili kaniuliza kama sina kwetu. Mbele ya foleni nzima

Mkaanga_Sumu:

Wakuu, sijasalimia na leo sisalimii. Nimetoka jengo la utawala la chuo sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Naandika nikiwa chini ya mwembe wa kafe, simu ina asilimia kumi na mbili na kwenye soketi ya korido kuna mtu kachomeka pasi tangu asubuhi, sijui ananyoosha nguo za kijiji kizima.

Yule mama. Dirisha la pili. Mnamjua. Msiniulize yupi, maana kila aliyewahi kupita pale na karatasi mkononi anamjua, na kama humjui basi wewe ada yako inalipwa na malaika.

Mmeliona lile tangazo lililobandikwa tangu wiki ya mitihani: HUDUMA NA FURSA ZA KIANGAZI. Kwanza kiangazi kipi? Leo ni Julai. Dar Julai ni kipupwe, makondakta wa Mwenge asubuhi wamevaa majaketi na bibi yangu anaota jua uani kama kenge. Kiangazi chetu ni Januari, ule mwezi ambao feni inapuliza mvuke wa supu. Aliyeandika amechukua tangazo la Ulaya kaligeuza vile vile lilivyo. Haya, nikasamehe. Tangazo linasema maktaba wazi mpaka saa 4, hosteli moja itabaki kwa watakaoomba, mafunzo ya kompyuta bure, bwawa la kuogelea, na chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: wanatafutwa wanafunzi wa kukaa na wageni wanaokuja kujifunza Kiswahili, saa tatu kwa siku, posho ipo.

Posho, wakuu! Bumu limekufa na muhula, ile elfu kumi ya bodi ya mikopo kwa siku haijui likizo ndefu. Na kazi yenyewe ni KUONGEA. Mimi nimeongea Kiswahili miaka 22 bila posho hata ya maji ya kunywa.

Nikajaza fomu, kurasa nne. Nimeamka saa 11, nimepanga foleni saa 1 na nusu, dirisha likafunguliwa saa 4 kasoro dakika kumi. Nikafika mbele. "Shikamoo mama." Kimya. Shikamoo yangu mpaka naandika hapa inaelea pale dirishani, atakayepita aichukue. Akapokea fomu bila kuitazama, akailaza mezani, halafu, Mungu ni shahidi yangu, akatoa chapati kwenye gazeti AKAIWEKA JUU YA FOMU. Juu ya ukurasa wa sifa za mwombaji. Sifa zangu zote zimelowa mafuta.

Nikasema kwa adabu, samahani mama, hiyo ni fomu ya nafasi za likizo. Ndipo akashusha miwani, akanipima kuanzia kandambili hadi utosini, na kwa sauti ya kumwita mtu aliyeko Kibaha akasema:

"Mwanangu, likizo watu huenda kwao. Wewe huna kwenu?"

HUNA KWENU.

Foleni ikacheka. Mlinzi akacheka. Ile printa ambayo mwaka mzima ni mbovu nayo ikatoa mlio.

Yaani mimi, mtoto wa watu, mwenye ukoo, mwenye shangazi wanane wanaogombania kunipangia mke, naulizwa kama sina kwetu? Tena huku anatafuna? Ningetukanwa na mtu mwenye mikono mitupu ningejua nimetukanwa. Nimetukanwa na mtu anayekula. Huna kwenu, kisha tonge. Huna kwenu, kisha kafuta vidole. Mnajua kafutia nini? Ukurasa wa nne.

Kibogoyo_wa_Ilala:

Uzi tayari.

Pweza_Mkavu:

Niko siti ya mbele na karanga za mia tano. Swali moja tu mkuu: chapati ya maji au ya kusukuma? Itatusaidia kukadiria uharibifu.

Mkaanga_Sumu:

Ya kusukuma. Na hazikuwa moja.

Dada_wa_Yombo:

Namjua huyo. Mimi aliniambia "rudi kesho" mwaka jana mwezi wa tatu. Mpaka leo narudi.

Vumbi_la_Goba:

Hii chai, tena imechemshwa mara mbili. Saa 4 kasoro kumi yule mama hajawahi kuwepo dirishani. Saa hizo anakuwa yuko Ubungo anagombana na kondakta kuhusu chenji.

Nazi_Kavu:

Subirini kwanza, mnamsema yupi? Wa wigi la rangi ya maruni au yule mwenye kalenda ya 2019 ukutani?

Dada_wa_Yombo:

Wote ni mmoja.

Nazi_Kavu:

Mbona mimi wangu ni mwanaume?

Kitanda_cha_Juu:

Wakuu, mimi ndiye nalala chumba kimoja na mleta uzi. Naomba mjue kitu. Kwao ni TANDALE. Narudia, Tandale. Daladala moja, na nauli ikikosekana ni mguu. Akipiga mluzi kutoka dirisha letu mama yake anatoka nje kuangalia. Yule mama kauliza swali la msingi kabisa.

Pweza_Mkavu:

Hahahaha jamani. Nilishaanza kumchangia nauli ya Kigoma.

Kibogoyo_wa_Ilala:

Mkuu Huna Kwenu, karibu utujibu.

Mkaanga_Sumu:

Kitanda cha Juu leo utalala korido, na ndoo yangu usiiguse. Ndiyo, kwetu Tandale, nani kasema sina? Vyumba viwili, tupo tisa. Mpangaji wa uani ana spika kubwa kuliko mlango wake, hata sijui aliiingizaje. Meza ya nyumba ni moja na ni ya mama, anakunjia sambusa za biashara kuanzia alfajiri. Ukifungua kitabu tu, mtu anakuona huna kazi, anakutwika ndoo. Mimi nina ripoti ya utafiti ya kumaliza kabla ya Septemba, nitaiandikia wapi, mgongoni kwa mbuzi? Ndiyo maana mtu anaomba hosteli! Ndiyo maana anataka maktaba!

Na hiyo maktaba nimepita juzi. Wazi mpaka saa 4, si ndivyo walivyoandika? Nikaenda saa 12 jioni na chaja na maandazi yangu, nimejipanga mpaka usiku. Kufuli. Mlinzi ananiambia, kijana, hiyo saa 4 ni ya kizungu. Yaani saa 10 jioni! Wamegeuza maneno yote ya tangazo isipokuwa saa. Miaka 22 nasoma saa, leo nimefeli.

Lakini hayo yote ningeyameza. Chapati ningeimeza. Ila "huna kwenu"!

Vumbi_la_Goba:

Chapati hukuimeza wewe, aliimeza yeye.

Sweta_la_Kipupwe:

Na bwawa? Nina kaptura mpya nimenunua Karume kwa ajili hiyo.

Dada_wa_Yombo:

Bwawa lina vyura. Nasikia vyura ndio waliopewa posho.

Mhenga_wa_Temeke:

Vijana mnalia sana. Sisi likizo ndefu hatukuomba fomu kwa mtu. Tulikwenda Sabasaba, Barabara ya Kilwa, tunabeba maboksi kwenye mabanda mpaka maonyesho yanafungwa, unarudi na hela na sabuni za sampuli za kukupeleka hadi Krismasi. Na wewe unayetafuta utulivu, panda gari shuka Maktaba Kuu ya Taifa, mtaa wa Bibi Titi. Ipo pale tangu 1967 na hakuna anayekuuliza kwenu wapi.

Mkaanga_Sumu:

Mzee nauli ya kwenda na kurudi kila siku unatoa wewe?

Mhenga_wa_Temeke:

Tatizo lenu ndilo hilo. Shikamoo hujanipa.

Mkaanga_Sumu:

Shikamoo mzee. Kuna nyingine dirisha la pili, ukipita chukua.

Takwimu_na_Maandazi:

Nyie mnaolizwa na chapati mna bahati. Mimi niko fildi, wiki ya tatu. Bodi inalipia mafunzo kwa vitendo hadi siku 56, elfu kumi kwa siku, piga hesabu mwenyewe ni laki tano na sitini, na mimi sijaona hata sarafu ya kwanza. Nasomea takwimu. Ofisini wamenipa kazi ya kuagiza maandazi. Nimeagiza 214 mpaka leo, hiyo ndiyo data pekee niliyokusanya. Kwenye kitabu cha fildi naandika "nilishiriki usambazaji wa rasilimali". Msimamizi kasaini.

Nazi_Kavu:

Angalau umepata sehemu ya fildi. Mimi nimepeleka barua ofisi kumi na moja, zote zinasema nafasi zimejaa, na zote nikiangalia ndani kuna mtu mmoja amelala.

Kibogoyo_wa_Ilala:

Na sisi tunaosubiri supu Septemba tuseme nini? Na sizungumzii ya ng'ombe, ni ile mitihani ya kurudia.

Sweta_la_Kipupwe:

Mnaoomba hosteli ya likizo, mnawajua kunguni wa kule lakini? Wale hawaendi likizo. Wale ndio hawana kwao.

Mkaanga_Sumu:

Wakuu turudi kwenye mada. Sijawaambia yote, nilikuwa naona aibu.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo binti mgeni, wa hao hao wanaojifunza Kiswahili, yuko wiki ya pili. Alikuja kugonga muhuri. Sasa mimi nimekaa hapa chini ya mwembe na hasira zangu, kaja na daftari. "Kaka, shikamoo." Tunalingana umri, lakini nikaitika marahaba, maana leo nzima ndiyo shikamoo pekee niliyoona ikipata mwenyewe. Akasema: "Tafadhali. HUNA KWENU maana yake nini?"

Wakuu.

Nikamweleza. Una, huna. Kwetu, kwenu, kwao. Nikamchorea nyumba na mishale. Dakika arobaini nimekaa hapa nafafanua tusi langu mwenyewe. Kaandika, kapigia mstari wa kalamu nyekundu, kashukuru, kaondoka. Ndiyo kazi ile ile niliyokuwa naiomba! Nimeifanya yote! Bila posho! Kufika getini namsikia anamwambia bodaboda, "Elfu tano? Wewe huna kwenu?"

Bodaboda kashusha bei.

Pweza_Mkavu:

Nimeangusha karanga.

Dada_wa_Yombo:

Kwa hiyo tusi lako limeingia mtaala rasmi. Hongera mwalimu.

Ngeli_ya_Mahali:

Mkuu, umemfundisha vibaya. Ulipaswa uanze na umoja: kwangu, kwako, kwake. "Kwenu" ni wingi. Mtu mmoja anaulizwa "huna kwako?"

Mhenga_wa_Temeke:

Huyo Ngeli kasomea wapi? Kwangu ni pale ninapolala na ufunguo ninao mimi. Kwetu ni kule alikozikwa babu yangu. Mtu mmoja anaweza kuwa na kwake Sinza na kwao Newala, wala hachanganyi. Ukimwambia "huna kwako" umemwambia hana nyumba. Ukimwambia "huna kwenu" umemwambia hana watu. Ndiyo maana kijana kaumia.

Mkaanga_Sumu:

ASANTE MZEE. Mmeona?

Ngeli_ya_Mahali:

Kwa sarufi bado ni wingi.

Vumbi_la_Goba:

Mimi nina kwetu, kwangu ndiko sina. Mwenye nyumba wa Changanyikeni anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, chumba chenyewe ukinyoosha miguu unafungua mlango wa jirani. Na maji anafungulia yeye, siku anayojisikia.

Nazi_Kavu:

Wako anafungulia? Wangu anauza kwa ndoo.

Takwimu_na_Maandazi:

Wangu kaja kuhesabu balbu. Kasema mbili ni anasa.

Sweta_la_Kipupwe:

Wangu anaingia chumbani kuangalia tamthilia, eti televisheni yake imeharibika. Tangu Aprili. Ananiambia nisogee.

Dada_wa_Yombo:

Jamani fungueni uzi wenu wa wenye nyumba, mimi nina makala ndefu. Wangu kanikataza kukaanga samaki siku za kazi.

Mkaanga_Sumu:

Wakuu, kwa hiyo fomu nichukue nyingine au nipeleke hii hii yenye mafuta?

Ngeli_ya_Mahali:

"Hii hii" huandikwa mbalimbali, hapo uko sahihi.

Kunja_Twende:

Habari wadau. Nauza godoro, nne kwa sita, inchi nane, limetumika muhula mmoja tu. Sababu ya kuuza ni safari, naenda kwetu. Elfu hamsini.

Vumbi_la_Goba:

Lina kunguni?

Kunja_Twende:

Halina. Lilikuwa linaanikwa kila Jumamosi.

Mkaanga_Sumu:

Mwisho ngapi?

Kunja_Twende:

Arobaini, unabeba mwenyewe. Upo pande zipi?

Mkaanga_Sumu:

Kafe, chini ya mwembe.

Kunja_Twende:

Nimekuona. Mwenye kandambili? Wewe si ndiye wa chapati?